Herufi Alizochagua Kiboko

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa dimbwi.

Na maji?

Yalikuwamo.

Kanywa nani?

Nyamazeni basi niwaambie. Na wewe uliyekwisha kuanza kusinzia, sogea huku nikuone.

Palikuwa na kiangazi kibaya, nchi nzima ikabaki na dimbwi moja. Ndani yake akakaa Kiboko, tumbo kama ghala. Pundamilia akija, Kiboko anafunua mdomo, hoaaa! Pundamilia mbio. Paa akija, hoaaa! Paa mbio. Kila mmoja alikuja na kiu, akaondoka na kiu.

Lakini kunguruma mchana kutwa kunachosha. Kiboko akataka kibao kimngurumie, yeye alale. Akamwita Kindi, mchora vibao, kiumbe kidogo ambaye mkia wake ndio brashi yake. Kindi naye ulimi ulishamkauka, hata mate ya kumeza hana.

Sasa sikilizeni. Wanyama wa huko hawakusoma, na hawakufa. Kibao walikijua kwa sura. Herufi nene zilizosimama wima, ujue hapo pana hatari, geuka. Herufi zinazoinama na kucheza, ujue hapo pana harusi, ingia. Kiboko peke yake hakujua. Mchana yumo majini; hutoka usiku kula majani, na usiku kibao ni ubao tu. Kuuliza hawezi, maana alishajisifu mbele ya watu kwamba kasoma.

Kindi akachovya mkia kwenye rangi ya mkaa na utomvu, akaupitisha juu ya gome, faa, faa, faa. Kiboko akasogea, akakodoa macho, akachezesha midomo.

"Umesoma, mzee wangu?"

"Nimesoma. Umeandika vizuri."

"Bado sijaandika. Nilikuwa nafuta mkia."

Loo! Masikio ya Kiboko yakawaka moto. Alitamani azame, lakini maji yenyewe yalikuwa ya magotini. Kindi hakucheka. Bora angecheka. Alisema tu, kwa adabu, "Haya, mzee wangu, tuchague herufi."

Akachora za kwanza, nene, zimesimama kama nguzo za boma.

"Hizo!" akasema Kiboko. "Zina nguvu kama mimi."

"Nzuri. Ila anayeziandika ni mtu mwenye hofu."

"Hofu?"

"Asiye na hofu anapiga kelele za nini? Mwenye mali, tena msomi, huandika mkono umelegea, kama amejinyoosha kitandani. Hivi." Faa, fyuu, faa! Herufi zikainama, zikashikana mikono, zikajikunja mikia, hii kubwa, hii ndogo, kama zimetoka ngomani. "Lakini wewe umesoma, hilo unalijua."

Kiboko aliona kabisa herufi zile zinamcheka. Lakini aseme nini?

"Nalijua," akasema. "Andika hizo."

"Na maneno?"

"Marufuku. Maji ya Kiboko. Atakayekunywa nitamtafuna."

Kindi akaandika neno kwa neno, hakuongeza, hakupunguza. Akakisimamisha kibao mahali pa juu, akaomba ujira wake, funda moja la maji.

"Huoni kibao?" akasema Kiboko. Akalala, kroo, kroo.

Akaamshwa na ngoma. Pundamilia kaja na watoto. Paa kaja kajipaka mafuta. Ngiri kabeba chungu kichwani, anapiga vigelegele. Gidi, gidi, gidi, wanakunywa.

"Hongera, Mzee Kiboko! Bibi harusi yuko wapi? Kibao tumekiona toka kule kilimani!"

"Kisomeni!" Kiboko akanguruma.

Korongo, aliyewahi kuishi juu ya paa la shule, akasoma: "Marufuku. Maji ya Kiboko. Atakayekunywa nitamtafuna."

Wakatazamana. Kisha kwi, kwi, kwi! Kobe akaanguka chali, akapaza sauti:

"Nitamtafuna! Na herufi zinakata viuno! Mzee, kumbe wewe mtani hivi, na siku zote tunakukimbia!"

Kiboko akafunua mdomo, hoaaa! Mtoto wa Pundamilia akapiga kwato kwa furaha. "Tena, babu! Tena!"

Angeweza kusema si utani. Lakini wangemuuliza, mbona basi umechagua herufi za harusi? Angejibu nini? Kwamba hakujua? Akamtafuta Kindi kwa macho. Kindi yuko ukingoni, anakunywa polepole, wala hamtazami. Anajua, na hasemi. Anamfichia, kama anavyofichiwa mtoto aliyekojoa kitandani. Hilo ndilo lililomchoma kuliko vicheko vyote.

Kiboko akafunga mdomo. Akainama mpaka pua ikagusa tope. Akasema kwa kisauti ambacho hata yeye hakujua anacho, "Karibuni."

"Ati? Hatusikii, mzee!"

Ikabidi aseme tena, kwa nguvu, wote wakimtazama. "Karibuni! Kunyweni!"

Wakanywa kiangazi chote. Kibao hakuking'oa, maana kuking'oa ni kukiri. Kila asubuhi alikitazama, na kila asubuhi kikamcheka.

Hadithi yangu imefika mlangoni, naifungia nje. Na funzo lake, wajukuu zangu, ni kwamba ukarimu hutoka moyoni.

Nani kacheka? Kalaleni.