Visanduku Vilivyofutwa Ukutani

Soma hii hadi mwisho, kisha mtumie mwalimu unayemjali.

Mwalimu Ngassa alifundisha darasa la sita. Shule yake ilikuwa imeazimwa vishikwambi kwa majaribio, na siku hiyo mkaguzi alikuja kuamua kama vibaki au vipelekwe shule nyingine.

Somo lilikuwa mmomonyoko wa udongo. Ngassa alikuwa amechora ramani ya mawazo nyumbani kwake, visanduku vimenyooka, mishale imepangwa, akawakaririsha wanafunzi kila mmoja aseme amechora sehemu ipi.

Mkaguzi, Bi. Anastela, aliitazama ikimulikwa ukutani na projekta. Akaomba ukurasa mtupu.

"Anzeni upya," aliwaambia wanafunzi. "Mimi nipo tu."

Ngassa alifungua dirisha, akalifunga. Hatimaye mwanafunzi mmoja, Nyamizi, akaandika "mbuzi" kwenye kishikwambi chake, na neno likatokea ukutani. Masunga akavuta mshale hadi "majani yameisha", akasema mbuzi wenyewe ni wa kina Nyamizi.

"Na ng'ombe wenu wanakula mawe?" Nyamizi alimuuliza.

Wote wakacheka, na visanduku vikaanza kumiminika. Mmoja aliandika kwamba mtaro wa barabara mpya unamwaga maji shambani. Mwingine akapinga, akaugeuza mshale. Wakabishana, ukageuzwa tena. Herufi zilikosewa. Visanduku vilipandiana.

Bi. Anastela alikuwa anaandika. Ngassa aliona anaandika sana. Alikaa, akasimama, akakaa tena. Mwishowe akaenda kwenye kompyuta yake na kuanza kufuta. Alianza na mbuzi. Wakafuata ng'ombe. Kisha ukafutwa mtaro, na mishale yote iliyopinda.

Wanafunzi walitazama maneno yao yakitoweka. Nyamizi akaweka kishikwambi chake juu ya dawati. Masunga naye akaweka. Punde hakuna aliyekuwa ameshika chochote.

"Samahani, mama," Ngassa alisema. "Walikuwa wanacheza. Nimesafisha."

Bi. Anastela aliuliza kama ile kazi inaweza kurudishwa. Ngassa alijaribu. Haikurudi.

"Nilishaandika kwamba vishikwambi vibaki," mkaguzi alisema. "Nilikuwa nasubiri tu wamalize wanachobishania."

Akainama, akaikata sentensi hiyo kwa mstari.

Funzo: Kazi ya mtoto yenye makosa ni ushahidi kwamba amefikiri. Ukiifuta ili wewe uonekane mwalimu mzuri, unamfundisha aache kufikiri.