Kabureta ya Kitoto

Mzee Kihwelo, mwenye kiwanja cha gereji pale Iringa, alileta kigari chake kwa Fundi Sikudhani, akafoka: "Nataka kabureta kubwa. Hii ni ya kitoto!"

Sikudhani akarusha kanga haraka juu ya kitu kilichokuwa mezani.

"Unaficha nini?"

"Si kitu, mzee."

Mzee akaivuta kanga. Chini yake kulikuwa na kabureta ya lori, imesuguliwa hadi inang'aa.

"Kumbe nzuri unajiwekea!"

"Hiyo haifai gari la mjini, mzee. Itakunywa petroli, na mlimani itakuzimikia."

"Mchoyo we! Ifunge sasa hivi, au uhame kiwanjani kwangu."

Sikudhani akaifunga huku ananung'unika. "Na hii ya zamani?"

"Tupa!"

Jioni kigari kilizimika katikati ya mlima wa Ipogolo, petroli inanuka kote. Nyuma yake likaja gari kuukuu la aina ileile, ambalo mwaka mzima lilikaa juu ya mawe pale gereji. Lilipanda bila hata kukohoa. Sikudhani akachungulia dirishani.

"Pole, mzee. Nikuvute?"

"Hilo limepona lini?"

"Leo," alisema Sikudhani, akishuka na kamba. "Si uliniambia nitupe ile ya kitoto? Nimeitupia humu."