Dari la Sebuleni

Ndugu zangu, huku kwetu kwenye jua kali palikuwa na mtu aliyejenga nyumba ya matofali, akaiezeka bati, ikabaki dari tu. Wakwe zake walikuwa wanakuja kumtembelea kwa mara ya kwanza. Aliona haya wakute tembe, ile nyumba ya zamani ya paa la udongo alimozaliwa, na ambamo mama yake alikuwa bado anaishi. Akaibomoa. Mama akahamishiwa chumba cha nyuma cha nyumba mpya.

Fundi akapanda juu, akakagua, akashuka anafuta jasho.

"Bosi, bajeti yako inatosha jambo moja. Tukitandika karatasi ya kuzuia joto chini ya bati lote, tutapiga dari la kawaida vyumba vyote. Halitang'aa, lakini mtalala. Au tuweke dari la jipsamu sebuleni, lenye maua na taa, huko kwingine kubaki bati tupu."

"Fundi, mgeni akiingia anatazama wapi?"

"Juu."

"Basi umeshajijibu."

"Na chumba cha bibi? Bati la pale mchana linaunguza."

"Mama ni mtu wa jua. Amelima uwele maisha yake yote. Atavumilia."

"Jua la shambani lina upepo, bosi," fundi akasema. Akachukua futi yake, akaenda sebuleni.

Je, mtu huyu alikuwa mbaya? Hakumtukana mama yake wala kumnyima chakula. Kila asubuhi alimwamkia mlangoni kwa adabu, kisha akaenda kazini. Mlangoni, ndugu zangu. Hakuingia.

Wakwe wakafika saa saba mchana. Wakakaa sebuleni, shingo zimeelekea juu, wakasifu maua na taa. Mwenyeji akacheka kwa furaha. Chakula kilipoletwa, baba mkwe akarudisha mkono.

"Kwetu hatuli kabla ya kumwamkia mama mwenye mji. Yuko wapi?"

"Amepumzika chumbani, baba. Ngoja nimwite."

"Mzazi haitwi, mwanangu. Mzazi anafuatwa."

Wakainuka wote. Mlango wa chumba cha nyuma ulipofunguliwa, joto likawapiga usoni. Baba mkwe akashika chuma cha kitanda, akautoa mkono upesi. Kitanda kilikuwa kimetandikwa vizuri. Mama hakuwemo.

Wakazunguka uani. Kule nyuma kilibaki kipande kimoja cha lile tembe, banda la ng'ombe wa maziwa. Hicho hakukibomoa, maana bwana mifugo alikuwa amemwonya: ng'ombe akishinda chini ya bati tupu, maziwa yatapungua. Ndani ya banda hilo, pembeni mwa ng'ombe anayecheua, walimkuta mama amelala kwenye mkeka.

Akashtuka, akaketi. Akawaona wageni, kisha akauona uso wa mwanawe.

"Karibuni, wakwe zangu, mnisamehe," akasema, akikung'uta majani kwenye kanga. "Huyu ng'ombe ana mimba. Nimekuja kumwangalia kidogo tu."

Baba mkwe akautazama mto uliokuwa pale, na kikombe cha maji. Akachuchumaa palepale kwenye samadi, akamsalimu.

Na mwana? Aliomba moyoni mama amshtaki mbele ya watu. Hakushtakiwa. Mama aliyemtoa kwenye kivuli ndiye aliyekuwa anamsitiri yeye.

Ndugu zangu, ng'ombe alikuwa na mtu wa kumsemea. Sisi amri ya kuwaheshimu wazazi tunaijua tangu shule ya Jumapili, na tunaitimiza kwa salamu ya mlangoni. Tunapaka rangi ukuta unaotazama barabara. Nyama nzuri tunamwekea mgeni. Wa nyumbani tunawasifu kwa uvumilivu wao, na sifa hiyo inatupunguzia gharama. Hatuoni aibu kwa Mungu anayeona vyumba vyote. Tunaiona siku wakwe wanapozunguka uani.

Leo tukitoka hapa itakuwa saa saba. Wewe ambaye mzazi wako yuko chini ya paa lako, nenda chumbani kwake, ufunge mlango, uketi kitandani pake nusu saa. Usimuulize kama kuna joto. Atakwambia hakuna.