Vigingi vya Mheshimiwa Kiboko

Paukwa.

Pakawa.

Palikuwa na uwanja.

Ukaenda wapi?

Ulitaka kuliwa. Sogeeni, mwambiwe nani alitaka kuula na jinsi ulivyomkwama kooni.

Hapo kale, chini ya mlima wenye mawe matupu, palikuwa na uwanja wa wanyama wote. Ndama walikimbizana pale, swala walifanyia harusi pale, vikongwe waliota jua pale. Na chini ya nyasi alikaa Bi Fuko na watoto wake, kwa sababu pale tu ndipo udongo ulikuwa laini. Kwingine kote ukichimba unakutana na jiwe, na fuko asiye na pa kuchimba hana maisha.

Ukingoni mwa uwanja alikaa Kiboko. Huyu alikuwa na tumbo, na juu ya tumbo alikuwa na cheo. Hapo ukingoni ndipo ilipopita njia ya zamani ya kwenda mtoni, lakini Kiboko aliimega njia, akapanda miwa, akajenga nyumba katikati yake. Angekuwa panya wangemwita mwizi. Kwa kuwa alikuwa Kiboko, walimwita mwekezaji.

Sasa nyani wa mlimani walikuwa na shida ya kweli. Maji yalikuwa mbali, na njia imezibwa na miwa. Wakaja barazani kwa Kiboko wakasema, "Tunaomba barabara. Tunaomba na bomba la maji."

Kiboko akapanua kinywa, mwaaa. "Mtapata. Barabara itakatiza katikati ya uwanja. Kushoto kwake hifadhi ya barabara. Kulia kwake hifadhi ya barabara. Hifadhi hizo nitazitunza mimi mwenyewe."

Kondoo wakapiga makofi, pa pa pa. Hawakuelewa kitu, lakini kondoo hawajawahi kusubiri waelewe.

Bi Fuko alikuwa haoni, ila hesabu hiyo aliiona: kushoto Kiboko, kulia Kiboko, katikati kokoto. Watoto wake wangefukiwa wazima. Akatoa pua nje ya udongo.

"Mzee Kiboko, samahani. Barabara ipite ukingoni, kwenye njia ya zamani. Bomba lipite chini ya uwanja, mtaro nitachimba mimi, bure. Nyani watapata maji, na uwanja utabaki."

"Ukingoni wapi?"

"Hapo kwako, mzee."

Kiboko akacheka hadi mashavu yakatikisika. "Bibi, wewe huoni hata pua yako. Mambo ya barabara umeyajulia wapi?"

Kondoo wakapiga makofi, pa pa pa.

Fuko akarudisha pua ndani. Watoto wakamwuliza watahamia wapi.

Kesho yake akaja Mbuni, mpima ardhi. Akatembea kwa madaha katikati ya uwanja akipiga vigingi, ko, ko, ko. Hakugeuka nyuma hata mara moja, maana shingo kama ile hugeuzwa kwa ajili ya chakula tu. Kigingi kimoja kikasimama kando ya kiota cha Kanga.

Kanga akalia. "Mzee Kiboko, hapa nina mayai."

Kiboko akasimama mbele ya wote. "Nisikilizeni. Kigingi hakiulizwi. Kilipo kigingi ndipo barabara inapita. Aliyekaa penye kigingi abomoe mwenyewe, asipobomoa tutambomolea."

Kondoo wakapiga makofi, pa pa pa. Kutoka chini ya nyasi ikasikika sauti ya unyonge.

"Mzee, hata angekuwa nani?"

"Hata angekuwa nani."

"Ahsante, mzee," akasema Fuko. "Mimi sina elimu. Nilitaka kuelewa tu."

Jua lilipokuwa kali, Kiboko akaingia mtoni, chubwi, akalala. Viboko hulala mchana, na wenye vyeo hulala zaidi. Mbuni akaenda kula. Fuko akaanza kazi.

Akachimba chini ya kigingi, kwaru, kwaru, kwaru. Akakivuta, kikazama. Akakiburuta chini kwa chini hadi ukingoni, akakisukuma, kikatokeza. Akarudi. Kwaru, kwaru, kwaru. Akakivuta, kikazama. Akakiburuta, akakisukuma, kikatokeza. Njia ya zamani aliijua kwa makucha, kwa jinsi udongo wake ulivyoshindiliwa na kwato. Watoto wakasaidia kusukuma. Mwisho vigingi vikasimama mstari mmoja katikati ya miwa, na cha mwisho kikasimama sebuleni kwa Kiboko.

Wakaja ngiri wa kuchimba barabara. Ngiri huchimba wamepiga magoti, vichwa chini. Waliambiwa wafuate vigingi, wakafuata vigingi. Kru, kru, kru, miwa chini. Kru, kru, kru, ua chini. Kru, kru, kru, ukuta ukaanguka, puu.

Kiboko akazinduka, akaja mbio maji yakimchuruzika. "Mnafanya nini? Hapa ni kwangu."

Ngiri hawakuinua vichwa. "Kigingi, mzee."

Mbuni akaitwa, Kiboko akamwuliza, "Vigingi hivi ni vyako?"

Mbuni akavitazama. Vilikuwa vyake. Akisema vimehama, ataulizwa alikuwa wapi vikihama. "Ni vyangu, mzee," akasema. "Nilipima vizuri sana."

Fuko akatoa pua nje. "Mzee, mimi kipofu. Wanaoona wanasema kigingi kiko sebuleni. Je, kinaulizwa?"

Kiboko akapanua kinywa.

"Hakiulizwi," akasema Kanga.

"Hata angekuwa nani," wakasema nyani.

Na kondoo wakapiga makofi, pa pa pa, kwa furaha ileile, huku paa la mheshimiwa wao likishuka.

Barabara ikapita ukingoni. Fuko akachimba mtaro wake, bomba likalala chini ya nyasi, nyani wakanywa maji. Ndama wanakimbizana uwanjani hadi leo, na Kiboko hadi leo hana nyumba, ndiyo maana anashinda majini ametoa macho tu.

Ngano yangu naitua hapa. Iliyemfaa aibebe, iliyemchoma ajikune.

Mnataka na funzo? Haya. Wakubwa waheshimiwe. Mkubwa akija kupima uwanja wenu, msibishe, msinung'unike, pigeni makofi. Na ninyi wakubwa mliopo hapa, laleni mchana bila wasiwasi wowote. Chini yenu hakuna mtu.