Filimbi ya Mchochea Moto wa Kikohozi

Hapo zamani, si ile ya majini na masultani, ni hii ya juzijuzi ya redio za betri sita, katika mji mmoja wa kando ya ziwa, aliishi Mzee Lubinza, na alikuwa amechoka. Kifua kimechoka, magoti yamechoka, na mkewe wa pili, msiseme nimesema mimi, alichoka kabla ya vyote hivyo.

Baba yake alikuwa mchochea moto katika meli ya vita ya Wazungu. Meli ilikuwa na jina refu la kwao, lakini watu waliiita Kikohozi, kwa ule moshi wake. Siku moja ilitoka bandarini kupigana na meli mbili za adui, haikurudi. Lubinza alikuwa bado ananyonya kidole. Kilichobaki ni filimbi ya shaba ambayo baba yake aliisahau juu ya mtungi.

Sasa, Mwalimu Ntibona, mstaafu wa hesabu, alikuwa amefungwa bao na kila mtu mpaka akaona haya. Akabuni mchezo wake mwenyewe: vita ile ile, sakafuni. Ziwa ni miraba ya chaki, meli ni viberiti, bahati ni dadu. Akaandika sheria, akafuta, akaandika tena, miaka mitatu: meli inakwenda miraba mingapi, mzinga unafika wapi, ikipigwa mara ngapi inazama. Na kila meli ikawa na kadi yake. Kadi alizitengeneza Tausi, mpiga taipu wa bandarini, akizikata kwenye maboksi ya sabuni: mwendo, mizinga, unene wa bati. Yeye na Mwalimu walikuwa wakiziinamia vichwa vikigusana. Mimi niliyekuwa nikipeleka chai niliona, nikanyamaza siku mbili nzima.

Mzee Lubinza aliposikia, akaja na mkongojo wake, akaweka filimbi sakafuni.

"Atakayemrudisha baba bandarini, hii ni yake. Lakini msinihurumie. Meli ikirudi kwa huruma nitajua, na nitakwenda kaburini nimeudhika."

Bunyambo, kuli wa bandarini, akashika kiberiti cha Kikohozi. Mwalimu akashika vya adui. Ijumaa ikaja, Kikohozi ikazama. Ijumaa nyingine ikaja, Kikohozi ikazama. Masika yakapita, Kikohozi ikazama. Tukachoka kuizika.

Ndipo Bi Nyamizi, bibi mkongwe kuliko sisi sote, akaenda kwa Tausi. Kwenye kadi Tausi alikuwa ameandika mwendo wa miraba tisa, kama alivyokuta katika daftari la zamani la bandari.

"Hiyo tisa ni ya makaa ya mawe, mwanangu," Bi Nyamizi akamwambia. "Makaa yalikwisha. Siku ile meli ilikula kuni, na kuni niliuza mimi, nikiwa kigoli. Nilizilowesha kwanza, maana walinunua kwa mizani. Nimelibeba neno hili mpaka nimechoka."

Nami nimepuliza kuni zilizolowa maisha yangu yote. Najua zinavyomtoa mtu machozi na uji usichemke.

Tausi angeweza kulificha. Hakulificha. Akafuta tisa, akaandika tano, na chini yake: kuni zimelowa. Akamsomea Mzee Lubinza mbele ya watu, na aliyeuza akamtaja. Mzee hakumsemesha Tausi mwezi mzima. Bi Nyamizi ndiyo kabisa, hata salamu.

Mwalimu naye akaongeza sheria. Kuni zilizolowa zinafuka, na meli inayofuka inaonekana mbali, basi adui apige kwanza. Watu wakasema, huyu kaiua mara ya pili. Lakini Mwalimu ni mtu wa haki, hilo namkubalia. Akaandika pia: moshi hauna upande, aliye nyuma ya moshi hapigwi ila adui apate sita.

Ijumaa ikaja, Kikohozi ikazama. Ijumaa ishirini zikaja, ikazama zote.

Ijumaa moja Bunyambo akatoka kupakua saruji, mabega yamevimba. Akakikodolea macho kile kiberiti.

"Leo sipigani," akasema. "Nimechoka kufa."

Akaigeuza meli. Moshi ukabaki nyuma yake, usoni kwa adui, naye akarudi bandarini, kinyume cha ushujaa, miraba mitano, miraba mitano. Mwalimu akarusha dadu mara kumi na moja akitafuta sita. Hakuipata. Kiberiti kikagusa chaki ya bandari.

Mzee Lubinza akaweka kidole juu ya kiberiti.

"Karibu, baba. Umechelewa."

Kisha, mnawajua watu, yakaanza.

Mwalimu akasema, "Bila sheria yangu ya moshi, kiberiti ni kiberiti tu."

Tausi akasema, "Na sheria yako ingemhusu nani, kama nisingeandika kuni zimelowa? Mimi ndiye niliyenuniwa."

Bunyambo akasema, "Sheria ilikuwepo, kadi ilikuwepo, na meli ikazama Ijumaa ishirini. Nani aliigeuza?"

Bi Nyamizi alikuwa amesimama mlangoni. Mzee akamwangalia kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Na wewe?"

"Mimi sidai kitu, kaka. Mimi ndiye niliyemuua."

"Na leo moshi wako ndio uliomficha," akasema Mzee.

Akaishika filimbi, akaigeuzageuza, akanipa mimi niliyekuwa nakusanya vikombe. "Wewe una mdomo usiochoka. Mimi nimechoka. Zunguka uwaulize watu." Jumatatu yake tukamzika.

Nimeuliza kisimani, nimeuliza misibani, nimeuliza kwa msusi. Kila mtu ana lake. Wale wanne wameshakwenda, na wajukuu zao huja kuchungulia kopo la majani ya chai ninamoiweka filimbi. Nami sasa miguu imegoma, mdomo peke yake haufiki mbali. Basi nitueni mzigo huu. Mwenye sheria, mwenye kadi, aliyegeuza meli, au mwenye kuni: je, nani alistahili filimbi?