Eda ya Kuku Fususi

Siku ya Jumatano, mwezi ishirini na mbili Rajabu, saa tatu na robo ya asubuhi, katika mji wa Marijani uliotawaliwa na Sultani Mudhafari bin Sanani, mfalme aliyejaaliwa majumba na majeshi lakini moyo wake wote akauweka kwa kuku wa kuchi, lilipasuka yai la kwanza kati ya mayai sita, na kifaranga aliyetoka akawa mwekundu.

Shemsa binti Haidari, mtunzaji wa vizimba vya Sultani, akamgeuza kifaranga yule mara tatu kiganjani, akampeleka dirishani kwenye mwanga, akamrudisha. Alikuwa na rangi ya kutu, na mgongoni ana mistari miwili myeusi. Akangoja wa pili na wa tatu, na hata ilipoadhiniwa adhuhuri wote sita walikuwa wamekauka manyoya, na wote walikuwa wekundu.

Mama yao alikuwa Fususi, koo mweupe, kuku jike ambaye mayai yake huatamiwa na kuku wa kienyeji kwa kuwa kuchi ni wazito na huyavunja. Na baba yao alikuwa Kafuri, jogoo mweupe aliyeletwa kutoka visiwa vya Jawa. Na mweupe kwa mweupe wa ukoo ule huzaa vifaranga wa manjano. Mistari ile ilikuwa ya jogoo mmoja tu, jina lake Akida, mume wa zamani wa Fususi, na huyo alipelekwa zawadi kwa liwali wa ng'ambo siku tisa kabla Kafuri hajaingia kizimbani.

Habari ikamfikia Sultani, na alasiri baraza likaketi, na Fususi akaletwa ndani ya tenga.

"Shemsa, mwanangu," akasema Sultani, "umenibadilishia mayai?"

"Hapana, maulana. Ufunguo wa kizimba nalala nao shingoni."

"Basi Akida aliingiaje?"

"Sijui, maulana."

"Na huyu ndiye mjuzi wetu wa kuku," akasema Kadhi Mukhsini, mzee ambaye hakupenda kuku tangu alipodonolewa sikio na mmojawapo.

Sasa, mguuni pa Fususi palikuwa na pete ya fedha, na ndani ya pete amefungwa jini Tabaruti, aliyeapishwa kumtumikia kila anayemlisha kuku huyo na kutomwambia uongo. Shemsa akaisugua pete, na jini akatokea, akainamisha shingo asigonge taa za dari.

"Baba wa vifaranga hawa ni nani?" akauliza Shemsa.

"Akida, bibi."

"Alifikaje?"

"Hakufika. Tangu alipovuka bahari hajarudi hata mara moja."

Baraza zima likaguna. Sultani akamtazama kadhi, na kadhi akamtazama jini, na jini naye akajikuna kisogo, maana aliyoyasema aliyajua kuwa kweli na hakuyaelewa.

"Kuku anayezaa na asiyekuwepo ana shetani," akasema kadhi. "Achinjwe kabla ya magharibi, na nyama yake isiliwe."

"Maulana, ndiye wa mwisho wa ukoo wake," akasema Shemsa. "Tabaruti, sema kama yuko koo mwingine."

"Hayuko, toka Jawa hata hapa. Lakini ushauri usiniombe, bibi. Akichinjwa huyu mimi nitakuwa huru, na nina watoto sijawaona miaka mia nne."

Kisu kikanolewa, na tenga likafunguliwa. Sultani akainua mkono, akasema, "Kwanza aletwe Akida. Nataka nimwone kwa macho yangu kabla damu haijamwagika."

Jini akapepesa jicho, na jogoo mwekundu akaanguka juu ya zulia, na mtama wa liwali bado umo mdomoni. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akamwona Fususi, na kabla mtu hajanyanyua kiganja akampanda mbele ya Sultani na kadhi na mawaziri wote, kisha akapiga mabawa akawika.

"Amemkumbuka," akasema Sultani taratibu.

"Sijui niandike kuwa huu ni ushahidi," akasema kadhi, "au ni kosa jingine."

Shemsa hakucheka. Alikuwa amemkumbuka marehemu baba yake, mtunzaji kabla yake, ambaye kila alipomtenga koo na jogoo alisema, "Mwache akae eda, siku ishirini na moja." Naye miaka yote aliuona ni mzaha wa mzee mpenda kuku, na Sultani alipomhimiza, akaona siku tisa zinatosha. Akapiga magoti.

"Maulana, nadhani kosa ni langu. Nadhani kuku akishapandwa huitunza mbegu ya jogoo tumboni hata wiki tatu. Akida alivuka bahari, lakini alichokiacha kilibaki. Na Kafuri alifika amechoka na safari, hakumsogelea mpaka yai la sita lilipokwisha tagwa. Fususi hana shetani. Mimi ndiye sikumkalisha eda. Tabaruti, ni kweli?"

Jini akakitazama kile kisu, kisha akaitazama pete. "Ni kweli," akasema. "Sasa hata mimi nimeelewa." Akarudi ndani ya pete bila kuaga.

Kadhi akashika ndevu zake. "Eda naijua. Imewekwa ili nasaba isichanganyike. Sikujua kuku nao wanayo. Kisu kirudi jikoni."

"Ngojeni," akasema Sultani. "Akida amempanda sasa hivi. Eda imeanza upya?"

"Imeanza upya, maulana."

"Na aliyemwita ni mimi."

"Ndiyo, maulana."

Sultani akajifunika uso kwa mikono miwili. Shemsa akamchukua Fususi, ambaye alikuwa amepumzika kutaga zaidi ya wiki tatu, akampapasa chini ya mkia.

"Yai limo," akasema. "Gamba lake limeshakuwa gumu. Yai lililovaa gamba haliingiwi tena na jogoo yeyote. Hili ni la Kafuri."

"Una hakika?"

"Nina hakika na gamba, maulana. Na Kafuri nilimwona akimpanda juzi na jana. Mengine sijui."

"Umesema kweli iliyokuumiza mwenyewe. Omba utakacho: mume katika wanangu, au sanduku la dhahabu."

"Naomba siku ishirini na moja, maulana, na mtu asinihimize."

Sultani akampa, na sanduku akampa pia. Na mwenye kuisikia hekaya hii azingatie kwamba desturi aliyoachiwa na mzazi, hata akiiona kichekesho, aulize sababu yake kabla hajaipunguza.

Asubuhi ya Alhamisi, saa mbili kasoro dakika kumi, Shemsa akalikuta yai kiotani, moja, bado lina joto. Hakulifuta vumbi. Akalipeleka kwa kuku wa kienyeji, akalisukuma kwa vidole viwili polepole, mpaka kuku alipolipokea kwa mdomo akalivuta chini ya kifua chake.