Nyundo ya Vuai na Wageni Waliolala

Mtu mmoja, Vuai jina lake, alikuwa na kazi isiyo na mshahara: kupiga chuma.

Chuma chenyewe kilikuwa ringi la lori lililoletwa kutoka bara, likaning'inizwa kwenye mti wa mkungu ulio karibu na pwani. Maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, yakikupwa, wanawake wa kisiwa kile huvuka mkondo kwa miguu kwenda mwambani kutafuta pweza. Nao mkondo ule una hila. Maji yakianza kurudi hujaza mkondo kwanza, mwamba ukiwa bado mkavu, na aliyeinama kule hana habari kwamba nyuma yake mlango umefungwa. Mtafuta pweza hainui kichwa. Jicho lake limo shimoni, mkono umeshika kijiti. Kwa hiyo wakajiwekea desturi: macho ni ya pweza, masikio ni ya chuma. Chuma kikilia, mwache pweza hata kama umeshamvuta nusu, rudi. Kikiwa kimya, endelea. Walizaliwa wakaikuta hivyo, wakazeeka hivyo, na hapakuwa na mwanamke aliyejifunza kugeuka kutazama maji. Kimya kwao kilikuwa habari njema.

Vuai alikuwa na mtoto, Nassib, msomi. Digrii ya utalii, tena ya kupigiwa makofi. Baada ya makofi akarudishwa nyumbani kama chupa tupu. Sivii yake ilitembea nchi nzima. Yeye mwenyewe alishinda barazani. Wapita njia walimchokoza: "Msomi, leo umeajiriwa na kivuli cha upande gani?" Nassib alicheka nao. Baba yake hakucheka. Kila aliposikia utani ule, aliapa kwamba siku mlango ukifunguka hata kwa upana wa kidole, atamsukumia mwanawe humo.

Basi ikaja boti nyeupe ya matanga, na ndani yake wageni wasio na haraka na kitu chochote duniani. Walitia nanga, wakaogelea, wakanywa madafu, wakalala, wakaamka, wakatazama kisiwa. "So peaceful," wakasema. Neno likatafsiriwa, eti pametulia mno, likapita nyumba kwa nyumba. Watu wakavimba vichwa. Kumbe tuna kitu! Wenye redio wakazipunguza sauti. Hata sheha akaanza kutembea kwa kunyata. Hapakuwa na aliyewaambia wageni kwamba vijana wa kisiwa kile walikuwa wametulia kwa sababu hawakuwa na la kufanya.

Siku ile ile maji yakaisha kukupwa, yakaanza kurudi, na Vuai akapiga chuma kama kawaida. Wageni wakaruka kutoka usingizini. Haikuchukua muda, akashuka wakala wao, kijana wa mjini mwenye miwani ya jua.

"Shikamoo mzee wangu. Debe tupu lenu ndilo lisiloacha kuvuma, eti? Watu wamekuja ku-relax, wewe unawatangazia vita."

"Wanawake wako mwambani, mwanangu."

"Si wana macho? No stress, mzee." Kisha akamwona Nassib, akaambiwa habari zake. "Na huyu dogo? Ana digrii ya utalii halafu amekaa tu hapa? Jamani! Wageni wakiondoka wameridhika, naondoka naye. Koneksheni ndiyo hii, mzee. Sasa ni wewe tu."

Kesho yake asubuhi, mke wa Vuai, Mize, alipiga pasi shati la mwanawe, akalitundika, akachukua kijiti chake akateremka pwani na wenzake. Alikuwa anaimba. Vuai hakumwambia neno. Angemwambia nini? Alikuwa ameshakata shauri kwamba chuma atakipiga, ila kistaarabu.

Maji yakaanza kurudi. Vuai akasimama chini ya mkungu, nyundo mkononi. Akatazama boti: wageni wamejinyoosha kivulini, wamelala kama watoto wachanga. Akamtazama Nassib, naye Nassib akatazama vidole vya miguu yake. Kwenye kamba ilianikwa kanga kuukuu ya Mize. Vuai akaitwaa, akaizungushia nyundo, akafunga fundo. Ndipo akapiga. Tup. Tup. Sauti ilifika shina la mkungu ikaishia hapo. Akapiga mapigo yote yanayotakiwa na desturi, hakupunguza hata moja. Mtu asije kusema Vuai hakutimiza wajibu! Akaweka nyundo chini, akakaa kuwangoja.

Kule mwambani walisikia kimya, wakaendelea. Wa kwanza kuinua kichwa alikuwa Bi Patima, naye aliinuka kwa kuumwa mgongo tu. Akaona mkondo umejaa. Akapiga ukelele. Wenye kuogelea wakaogelea, wasiojua wakavutwa nguo na wenzao. Mize alikuwa mbali kuliko wote, kwenye mashimo ya pweza wakubwa, kwani siku ile alitaka mkubwa, wa kumuagia mwanawe. Ukelele haukumfikia. Maji yalipokupwa tena ndipo alipopatikana.

Bi Patima, chumvi ikiwa imemkaukia nguoni, alikuja akasimama mbele ya Vuai. "Vuai, mbona hukupiga?"

"Nilipiga, dada yangu," akasema Vuai. "Ila nilifunga nyundo kitambaa. Wageni walikuwa wamelala."

Bi Patima akageuka, akaenda kuwasaidia waliokuwa wakiosha maiti.

Wageni walisikitika, tusiwasingizie. Waliinamisha vichwa, wakatuma salamu za pole, wakang'oa nanga bila kuwasha injini ili wasiwasumbue wafiwa. Walisema hawajapata kuona watu wanaolia kwa adabu namna ile. Wakala alimshika Nassib bega. "Pole sana, dogo. Kwa sasa una msiba, si vizuri nikutoe. Tutakucheki." Nassib akashukuru. Mpaka leo yuko barazani, na simu haijalia.

Nanyi mliokaa hapa, mmesikia mara ngapi tukisifiwa mbele za watu kwamba sisi ni watulivu, nanyi mkapiga makofi? Siku mtakayosifiwa tena, msijiulize ni nani aliyelala vizuri. Jiulizeni: ni nani wakati huo yuko mwambani, ameinama, anaamini kimya chenu?